Karibu, Takriban na Ushei: Historia ya Alama za Usawa Usio Kamili na Usomaji Wake kwa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia namna alama za hisabati zinazoashiria usawa usio kamili, hususan ≈, ∼, ≃ na ≅, zilivyozuka na kugawana kazi tangu karne ya 16, kisha yanauliza zisomwe vipi kwa Kiswahili. Hoja yake ni kwamba Kiswahili kina maneno yanayotofautisha kadirio la kutoka chini, la kutoka juu na lisilo na upande, na kwamba tofauti hiyo imepotea kila mara alama hizi zote zinapotafsiriwa kwa kirai kimoja, "karibu sawa na".

Utangulizi

Kila aliyesoma shule ya msingi nchini Tanzania anayakumbuka maneno mafupi yanayofuata swali la duara: "Tumia π = 22/7". Maneno hayo yalitusaidia sana, kwa kuwa mtunga swali alihakikisha kwamba kipenyo kinagawanyika kwa 7 na jibu linatoka zima. Lakini yalituachia pia imani ambayo wengi wetu tuliingia nayo sekondari, na baadhi hata chuo kikuu, kwamba pai ni 22/7. Sivyo. Sehemu hiyo ni sawa na 3.142857, na tarakimu sita zilizo baada ya nukta hujirudia bila kikomo. Pai ni 3.141592 na kuendelea, bila mzunguko wa kujirudia, na tangu Johann Lambert alipotoa uthibitisho wake katika miaka ya 1760 inajulikana kwamba hakuna sehemu ya namba nzima mbili inayoweza kulingana nayo. Tuchukue duara lenye kipenyo cha kilomita 7. Kwa 22/7 mzingo wake ni kilomita 22 kamili. Kwa pai yenyewe mzingo unapungua kwa takriban meta 9. Mkandarasi wa barabara atazihisi meta hizo; mwanafunzi aliyeiamini alama = hana sababu ya kujua kwamba zipo.

Kosa, basi, haliko katika 22/7, ambayo ni kadirio zuri na la kale. Liko katika alama iliyokaa kushoto kwake. Alama ipi ilipaswa kukaa hapo, na mwalimu aliyesimama mbele ya darasa angeisomaje kwa Kiswahili? Maswali haya mawili hayatengani, na la pili ni letu sisi wanaisimu kuliko la wanahisabati.

Nimesukumwa kuliandikia jambo hili na tukio dogo. Miaka michache iliyopita nilikabidhiwa muswada wa faharasa ya istilahi za hisabati niusome kama mhakiki. Katika muswada huo alama ≈, ∼, ≃ na ≅ zote zilipewa tafsiri moja: "karibu sawa na". Nilipouliza sababu, nilijibiwa kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha ya kuzitofautisha. Sikuafiki, lakini sikuwa na hoja mkononi. Ilinibidi kwanza nijue alama hizo zilitofautianaje huko zilikotoka, ndipo niweze kusema kama lugha yetu inazimudu au haizimudu.

Kabla ya kuwapo alama

Ukadiriaji ni wa zamani kuliko alama yake kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, Archimedes wa Syracuse aliuzungushia mduara umbo lenye pande 96 kwa nje, akachora jingine la pande 96 kwa ndani, akapima yote mawili kwa hesabu. Alichothibitisha ni kwamba uwiano wa mzingo kwa kipenyo ni mdogo kuliko 3 na 1/7 na ni mkubwa kuliko 3 na 10/71. Ile 22/7 yetu ya shule ndiyo hiyo 3 na 1/7. Kwa Archimedes haikuwa thamani ya kitu chochote. Ilikuwa ukuta wa juu ambao kitu hicho hakiuvuki. Hakuandika kwamba kitu fulani "ni kama" kingine. Alisema kimezidi hapa na kimepungukiwa pale. Jambo hili nitalirudia, kwa sababu namna yake ya kusema iko karibu na Kiswahili cha kawaida kuliko alama yoyote iliyobuniwa baadaye.

Alama ya usawa wenyewe ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1557, katika kitabu The Whetstone of Witte cha Robert Recorde, tabibu na mwalimu mzaliwa wa Tenby huko Wales. Recorde alieleza kuwa amechoka kuyarudia maneno yenye maana ya "ni sawa na", hivyo angetumia mistari miwili sambamba ya urefu mmoja, kwa kuwa hakuna vitu viwili vinavyoweza kuwa sawa kuliko hivyo. Mlinganyo wake wa kwanza tungeuandika leo 14x + 15 = 71. Yeye mwenyewe alifariki gerezani mwaka uliofuata.

Ni rahisi kudhani kwamba dunia iliipokea alama hiyo papo hapo. Haikuwa hivyo. Ilipita miaka 61 ndipo ikaonekana tena katika chapa, mwaka 1618, na haikupata nguvu Uingereza hadi 1631, ilipotumiwa na William Oughtred na katika kitabu cha Thomas Harriot kilichotolewa baada ya kifo chake, kitabu ambacho ndicho pia kilicholeta alama < na >. Huko Ufaransa, François Viète alikuwa ameshaitumia mistari miwili kwa maana ya tofauti kati ya namba mbili, na René Descartes alipochapisha jiometri yake mwaka 1637 aliuonesha usawa kwa alama yake mwenyewe, mfano wa herufi a na e zilizoshikana na kugeuzwa. Mistari ya Recorde ilishinda baadaye, hasa baada ya Leibniz na Newton kuitumia. Mwanaisimu hatashangaa: uhusiano wa kiashiria na kiashiriwa ni wa nasibu, na jamii ya watumiaji ndiyo hakimu. Hata hivyo sababu aliyoitoa Recorde si ya nasibu hata kidogo. Mistari yake ilichaguliwa ili ifanane na ukamilifu. Kwa hiyo kila aliyetaka baadaye kuonesha usawa usiokamilika alilazimika kuivuruga mistari hiyo kwa namna fulani: kuipinda, kuitia nukta, au kuiongezea kitu juu.

Wimbi na mistari

Kilichotumika zaidi kuivuruga ni wimbi, ∼. Katika muswada wa mwaka 1679 Gottfried Leibniz aliliteua kuonesha kwamba maumbo mawili yanafanana, yaani yana sura moja bila kujali ukubwa. Wengi hulichukulia kuwa ni herufi S iliyolazwa, kutoka neno la Kilatini similis. Katika chapa lilionekana mwaka 1710. Kutoka hapo mantiki ya muundo iko wazi: wimbi maana yake ni sura moja, mistari miwili maana yake ni ukubwa mmoja, basi wimbi juu ya mistari, ≅, ni sura moja na ukubwa mmoja, yaani maumbo yanayolaliana bila kuachana popote. Leibniz alikuwa na wazo hilo la kuunganisha. Umbo tunalolitumia leo lilitumiwa na Carl Mollweide katika toleo lake la Euclid la 1824.

Kwa jicho la mofolojia, ≅ ni neno ambatani lenye mofimu mbili zinazotambulika, na maana yake ni jumla ya maana za sehemu zake. Ndiyo maana kuisoma "karibu sawa na" ni kuikosea mara mbili. Katika jiometri alama hiyo haina ukaribu wowote ndani yake. Pembetatu mbili zinazounganishwa nayo ni sawa kwa kila pande na kila pembe, na mwanafunzi atakayeambiwa kwamba ziko "karibu sawa" ataanza kutafuta penye kasoro.

Alama ≈ ilikuja baadaye sana. Florian Cajori, mwanahistoria mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Marekani, na ambaye vitabu vyake viwili vya 1928 na 1929 bado ndivyo rejeo kuu la historia ya alama za hisabati, anaionesha kwa Alfred George Greenhill katika kitabu cha mwaka 1892 kuhusu fonksheni za duaradufu. Greenhill hakuwa mtu wa nadharia tupu. Alifundisha katika chuo cha maofisa wa mizinga huko Woolwich, na jina lake limebaki katika kanuni ya mwaka 1879 ya kukadiria mzunguko wa mifereji iliyo ndani ya mtutu, ile inayoifanya risasi izunguke isipepesuke hewani. Mtu wa kazi hiyo hukadiria kila siku, tena anajua kabisa kwamba anakadiria. Alihitaji namna fupi ya kusema kuwa namba iliyo kulia inatosha kwa shughuli iliyopo, na kwamba asidaiwe zaidi ya hapo.

Inavutia kwamba ≈ ni wimbi lililorudufiwa. Uradidi katika Kiswahili nao una tabia ya kupunguza: majimaji si maji, ni hali inayoelekea kuwa maji, na chakula cha chumvichumvi hakijawa chumvi. (Sawasawa, kwa bahati mbaya, hukataa kuingia katika mkumbo huu, kwani husisitiza badala ya kupunguza.) Msomaji asiuchukue ulinganisho huu kuwa hoja; Greenhill hakuwa akiwaza majimaji.

Ushindani haukuishia hapo. Wako waliotia nukta moja juu ya mistari, ≐. Japani na Korea wanafunzi hadi leo hufundishwa ≒, mistari miwili yenye nukta juu kushoto na chini kulia, na mwanafunzi wa Tokyo akiiona ≈ kwa mara ya kwanza huwa katika hali ile ile ya mwanafunzi wa Tabora akiiona ≒. Wimbi moja peke yake lilibebeshwa mizigo ambayo lisingeweza kuibeba yote: mfanano katika jiometri, ukanushi katika mantiki ya Whitehead na Russell tangu 1910, mgawanyo katika takwimu, na ukadiriaji wa haraka katika daftari la mwanafizikia.

Ukaribu usio wa kukaribiana

Mzigo mmoja wa wimbi unastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu hapo ndipo tafsiri ya "karibu sawa na" inapotoa taarifa ya uongo.

Mwaka 1896 Jacques Hadamard na Charles de la Vallée Poussin, kila mmoja peke yake, walithibitisha kwamba idadi ya namba tasa zilizo chini ya namba yoyote kubwa huelekea kulingana na namba hiyo ikigawanywa kwa logi yake asilia. Edmund Landau, katika kitabu chake kikubwa cha 1909 kuhusu namba tasa, aliandika uhusiano wa namna hiyo kwa ∼, na matumizi hayo ndiyo yaliyobaki. Maana yake ni kwamba uwiano wa pande mbili huisogelea 1 kadiri namba inavyokua. Haisemi lolote kuhusu tofauti baina yao.

Tazama inavyokuwa. Chini ya 1,000 kuna namba tasa 168, wakati kanuni inatoa kama 145. Tofauti ni 23. Chini ya milioni moja kuna namba tasa 78,498 na kanuni inatoa 72,382. Tofauti imepanda hadi 6,116. Chini ya bilioni moja tofauti inazidi milioni mbili na nusu. Lakini uwiano umeshuka kutoka 1.16 hadi 1.08, kisha hadi 1.05. Kwa hiyo pande mbili za ∼ zinaachana siku zote kwa idadi huku zikielekeana siku zote kwa uwiano. Anayeambiwa kwamba ziko "karibu sawa" akaenda kuhesabu, atarudi akidai amedanganywa, na atakuwa na haki. Kiswahili kina kitenzi kinachofaa hapa, nacho ni kuelekea, ambacho hutaja mwendo bila kuahidi kufika. Ningependa ∼ ya namna hii isomwe "kwa uwiano huelekea usawa na". Ni ndefu kuliko wimbi, lakini haidanganyi.

Mashine na majina

Historia ya alama haiamuliwi na maana peke yake; zana nazo huamua. Nilipokuwa mwanafunzi, mitihani ya shule yetu ilichapwa kwa taipureta kwenye stensili, kisha ikazungushwa mashine. Taipureta ile haikuwa na π wala ≈. Mwalimu wa hisabati aliikwaruza π kwa kalamu ya chuma katika kila swali, kwa uangalifu, ili stensili isichanike. Alama = ilikuwapo tayari kwenye kibao cha mashine. Sidhani kwamba aliwahi kukaa na kuamua kuwa pai ni sawa kabisa na 22/7. Alitumia alama iliyokuwapo, na stensili ikatufundisha yaliyobaki.

Kompyuta zilianza na ufinyu wa namna hiyo hiyo. Orodha ya herufi za ASCII, katika toleo lake la 1967, ilitoa nafasi kwa wimbi moja tu, lile la ~ lililotokana na alama ya juu ya herufi katika Kihispania na Kireno, na watu wakazoea kuandika ~100 kwa maana ya "kama mia". Donald Knuth alipobuni programu yake ya TeX mwishoni mwa miaka ya 1970 alirudisha utajiri wa alama kwa kuipa kila moja jina lake la amri. Ndani ya TeX ≈ ina jina la ukadiriaji, na ≅ ina jina la kulaliana kwa maumbo, kama Mollweide alivyotaka.

Kisha ikaja Unicode, ambayo ndiyo orodha inayotawala simu na kompyuta zote tunazotumia leo. Hapo majina yaligeuka. Alama ≅ imesajiliwa kwa jina lenye maana ya "takriban sawa na". Alama ≈, ambayo ndiyo wengi tunaitumia kwa maana hiyo, imesajiliwa kwa jina lenye maana ya "karibu sawa na". Alama ≃ imepewa usawa wa kuelekeana, na iko pia ≊, "karibu sawa au sawa". Kwa kanuni ya Unicode yenyewe, jina likishatolewa halibadilishwi. Sina shaka kwamba mwandaaji wa ule muswada alianzia kwenye orodha hiyo, akakutana na majina manne yanayofanana, akakata tamaa. Angeanzia kwenye kiwango cha kimataifa ISO 80000-2, kilichotolewa mwaka 2009, angekuta mambo yamepangika zaidi: ≈ ni ya ukadiriaji, na haichanganywi na ≅.

Kiswahili kinasemaje?

Hebu sasa tuyatazame maneno yetu. Takriban na karibu ni ndugu wa damu. Yote mawili yametoka katika mzizi wa Kiarabu wenye konsonanti q, r na b, unaobeba maana ya kuwa jirani. Karibu ni kivumishi kilichohamia Kiswahili na kupata kazi nyingi, mojawapo ikiwa ya kumwita mgeni asogee ndani. Takriban imetokana na nomino ya kitenzi, ikiwa na ule mwishilizo -an wa Kiarabu unaoifanya kuwa kielezi: kwa njia ya kukaribisha, kwa kukisia. Baadhi ya waandishi huimalizia kwa irabu, takribani, na sioni ubaya. Pamoja na undugu huo, matumizi yamezitenga. Zingatia sentensi hizi:

(1) Karibu watu mia walihudhuria.

(2) Watu mia na ushei walihudhuria.

(3) Takriban watu mia walihudhuria.

Msemaji wa (1) anadokeza kwamba mia haikutimia. Akiongeza "tena walizidi", msikilizaji atahisi kwamba amejikanusha. Hali ni hiyo hiyo katika vitenzi: aliyesema "karibu aanguke" anatuambia kwamba hakuanguka. Sentensi (2) iko upande wa pili. Ushei, neno jingine la asili ya Kiarabu, ni kile kitu kidogo kilichozidi juu ya hesabu kamili. Sentensi (3) haina upande. Waliohudhuria wanaweza kuwa 97, wanaweza kuwa 104, na, jambo lililo muhimu, wanaweza kuwa mia kamili bila msemaji kuonekana amekosea. Nakiri kwamba katika mazungumzo ya haraka wapo wanaoitumia karibu mahali pa takriban. Lakini tofauti hurudi mara tu mtu anapobanwa aseme kwa usahihi, hasa penye fedha. Anayedaiwa shilingi elfu kumi akisema "nimelipa karibu zote", hakuna mdai atakayeichana hati.

Hapa ndipo Archimedes anaporudi. Mipaka yake miwili tunaweza kuisema kwa Kiswahili bila istilahi hata moja mpya: pai ni karibu 22/7, na pai ni 3 na 10/71 na ushei. Kauli zote mbili ni za kweli, na kila moja inabeba upande wake. Ile desimali ya shuleni, 3.14, nayo iko chini ya pai, kwa hiyo ni sahihi kusema pai ni 3.14 na ushei, na si sahihi, kwa anayechunga maneno, kusema ni karibu 3.14, maana imeshaipita. Alama ≈ haiwezi kuonesha tofauti hii. Inaandikwa vilevile mbele ya 22/7 na mbele ya 3.14. Kwa hiyo dai kwamba Kiswahili kina upungufu wa maneno ya ukadiriaji limegeuzwa miguu juu: katika jambo hili alama ndiyo iliyopungukiwa.

Tukirudi kwenye kirai "karibu sawa na", uchanganuzi wa sarufi unatuonesha ugumu wake. Kihusishi na hapo ni cha sawa, si cha karibu. Muundo wake ni [karibu [sawa na X]], tofauti na [karibu na [X]] tunayoikuta katika "nyumba iko karibu na msikiti". Kwa hiyo karibu inaathiri usawa wenyewe, nayo inafanya kazi yake ya kawaida: inasema usawa haujatimia. Kirai hicho kinakanusha usawa. Lakini mwanahisabati au mpimaji anayeandika ≈ mara nyingi hana nia ya kuukanusha. Aliyepima ubao akapata meta 2.4 hajui kama urefu halisi ni 2.4 kamili au la, na wala hajali. Anachosema ni kwamba hatetei zaidi ya tarakimu alizoandika. Takriban, isiyokanusha wala kuthibitisha, inamfaa. Karibu inamsemea asichokisema. Ndiyo maana napendekeza ≈ isomwe "ni takriban sawa na" au, kwa ufupi, "ni takriban".

Yako maneno mengine niliyoyapima na kuyaweka kando. Yapata ni tamu katika masimulizi na hasa katika saa, lakini imezoea mno idadi na wakati kiasi cha kusikika kigeni mbele ya kipeo cha pili cha 2. "Kama mia hivi" ina kasoro nyingine: humdokeza msemaji asiyejua au asiyejishughulisha kujua, ilhali aliyeandika √2 ≈ 1.414 anajua kosa lake ni dogo kuliko sehemu moja ya elfu. Neno kadirio, na kitenzi kukadiria, yanabaki kuwa bora zaidi kwa kulitaja tendo lenyewe, na walimu wetu wameyatumia vizuri tangu Kiswahili kilipotandazwa katika madarasa yote ya shule za msingi kufuatia Elimu ya Kujitegemea ya 1967. Sioni haja ya kuyagusa.

Muswada ule niliurudisha ukiwa na maandishi mengi pambizoni. Penye ≈ niliandika "ni takriban sawa na". Penye ∼ nilitenga maana tatu, nikaacha "hufanana na" kwa maumbo. Penye ≅ nilipendekeza "ni sawa kwa sura na ukubwa na", nikaeleza kwa nini karibu haihusiki. Kwa mfano wa pai nilipendekeza kwamba maneno ya zamani yaondolewe na mahali pake paandikwe "Tumia 22/7 kama kadirio la π", sentensi ambayo taipureta ya mwalimu wangu ingeweza kuichapa yote isipokuwa herufi moja. Nilikwama kwenye ≃. Kiwango cha kimataifa kinaipa usawa wa kuelekeana, ambao Landau aliuandika kwa wimbi peke yake; wanafizikia wengi huitumia kama ≈; na wanatopolojia wanaitumia kwa jambo jingine kabisa, la maumbo yanayoweza kubonywa na kunyooshwa hadi moja likawa jingine. Hapo niliacha nafasi wazi na alama ya kuuliza, na nafasi hiyo bado iko wazi.